Ekzosi Zilizotobolewa na Usingizi wa Lodwar na Kakuma

Ekzosi ya pikipiki haikuundwa kutoa moshi peke yake, kwa maana ndani yake mna sailensa, yaani kikasha chenye vyumba na mabomba ya matundu ambamo mawimbi ya sauti ya injini hugongana na kupunguzana nguvu kabla ya kutoka nje. Sailensa ikiondolewa au ikitobolewa, kama wafanyavyo baadhi ya waendeshaji wanaodhani kuwa ngurumo ndiyo nguvu, sauti iliyo karibu na chombo huweza kupita desibeli 100. Desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti, na kila zinapoongezeka 10 nishati ya sauti huzidi mara 10. Ndiyo maana sikio linalostahimili desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku hufikia ukomo wake kwa dakika 15 tu zinapokuwa 100. Wa kwanza kudhurika ni mwendeshaji mwenyewe, kwani chembe zenye vinyweleo za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena.

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinaruhusu, katika maeneo ya makazi, desibeli 50 nje ya nyumba mchana na 45 ndani, lakini kuanzia saa 2 usiku kiwango ni 35, ndani na nje sawasawa. Usawa huo una uzito Lodwar, ambako joto huwatoa watu vyumbani wakalala uani, na vilevile Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992 ina nyumba nyingi za matofali ya udongo na mabati yasiyozuia sauti. Aliyelala husikia hata asipoamka: moyo huenda mbio na homoni za mfadhaiko hupanda, na kelele za barabarani za miaka mingi zimehusishwa na maradhi ya moyo.

Hata hivyo, desibeli 35 ni kiwango cha chini mno, kinachovukwa hata na maongezi ya kawaida, na kukipima kunahitaji mashine na afisa aliye macho usiku. Sheria ya trafiki, inayotaka moshi wa injini upite kwanza katika sailensa, haina masharti hayo, kwa kuwa ekzosi iliyotobolewa huonekana mchana, pikipiki ikiwa imeegeshwa kwenye steji ya bodaboda. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti udhibiti wa kelele. Kwa hiyo Kaunti ya Turkana, iliko miji ya Lodwar na Kakuma, ikishirikiana na polisi, inaweza kuanzia hapo hata kabla ya kununua kipima sauti kimoja.