KUTANGULIA SI KUFIKA
Mazungumzo juu ya safari ya Joshua Cheptegei katika mashindano



Kila askari aliyepitia mafunzo anajua kwamba nguvu ni kitu kimoja, na kujua wakati wa kuitumia nguvu hiyo ni kitu kingine. Kuruta huondoka kambini kwa kishindo, akawaacha wenzake nyuma, na kabla ya nusu ya safari mzigo ukamshinda. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo hilo hilo, nasi tutalieleza kwa kufuata historia ya mwanamichezo mmoja aliye pia askari wa Jeshi la Polisi la Uganda. Mtu huyo ni Joshua Kiprui Cheptegei. Wengi wanamjua kwa nishani zake za dhahabu. Walio wachache ndio wanaokumbuka kwamba siku moja alianguka kutoka nafasi ya kwanza hadi nafasi ya 30 mbele ya wananchi wenzake, na kwamba mengi ya yaliyofuata yanaeleweka vema zaidi tukiianza hesabu siku hiyo.

Cheptegei alizaliwa tarehe 12 Septemba 1996 katika wilaya ya Kapchorwa. Anayesafiri kutoka Kampala huvuka Mto Nile pale Jinja, akashika njia ya mashariki hadi Mbale, na kutoka Mbale akaanza kuupanda Mlima Elgon akiipita Sipi. Mlima huo kilele chake kina urefu wa mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wa miteremko yake ya kaskazini, yaani Wasebei, huishi mahali ambapo hewa ni nyepesi. Katika hewa nyepesi oksijeni inayoingia mapafuni kwa kila pumzi ni pungufu, hivyo mwili hujitengenezea chembe nyingi zaidi nyekundu za damu ili uweze kuichukua hiyo kidogo iliyopo. Ndiyo sababu mojawapo ya miteremko ya Elgon kutoa wakimbiaji wengi. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mlima peke yake haumfanyi mtu kuwa bingwa. Watu walioishi mlimani ni maelfu kwa maelfu. Waliopanda jukwaa la ushindi duniani ni wa kuhesabika.

Aidha, Cheptegei hakuwa mtu wa kwanza mwenye sare kuiletea Uganda heshima hiyo. John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, alikuwa askari wa polisi. Ikapita miaka 40 bila dhahabu nyingine ya Olimpiki. Kisha, mwaka 2012, Stephen Kiprotich wa Jeshi la Magereza, naye mwana wa Kapchorwa, akashinda mbio za marathoni mjini London. Majeshi yamekuwa shule ya wanamichezo kwa sababu iliyo wazi: humpa kijana ajira, nidhamu ya ratiba, na wenzake wa kufanya nao mazoezi.

Safari ya Cheptegei ilianza kwa mafanikio ya mapema. Mwaka 2014, akiwa hajatimiza miaka 18, alishinda mbio za mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya vijana huko Eugene, Marekani. Mwaka 2015 alikuwa wa tisa katika mbio hizo kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa mjini Beijing, na mwaka 2016 akawa wa sita katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Alikuwa akipanda ngazi kwa utaratibu, na taifa likaanza kumtazama kwa matumaini makubwa.

Tarehe 26 Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika nyumbani, katika uwanja wa Kololo mjini Kampala. Mapema siku hiyo kijana Jacob Kiplimo, mzaliwa wa miteremko hiyo hiyo ya Elgon, alikuwa ameshinda mbio za vijana wa kiume. Watu walijaa shangwe, wakasubiri dhahabu ya pili. Katika mbio za wanaume za kilomita 10 hivi, Cheptegei alijitenga na kundi, akaongoza peke yake, na kila alipopita mbele ya watazamaji kelele za furaha zilizidi, naye mwendo wake ukazidi. Alipoingia mzunguko wa mwisho alikuwa amewaacha wenzake kwa mbali. Ndipo miguu ilipokataa. Alianza kuyumba, mwendo ukawa wa mtu anayetembea, na Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita na kwenda kushinda. Wengine wakampita mmoja baada ya mwingine. Cheptegei hakutoka njiani; alijikokota mpaka mwisho, akawa wa 30.

Ni nini kilichotokea? Mwili wa mkimbiaji hupata nguvu kwa kuunguza chakula kilichohifadhiwa katika misuli kwa msaada wa oksijeni. Mwendo ukiwa ndani ya kiasi ambacho mapafu na moyo vinaweza kukihudumia, mtu huweza kuendelea kwa muda mrefu. Akikipita kiasi hicho, misuli hulazimika kutoa nguvu kwa njia ya dharura, bila oksijeni ya kutosha. Njia hiyo ni ya kasi, lakini ni mkopo, na mkopo huo hulipwa haraka kwa maumivu na kuishiwa nguvu. Mkimbiaji anayejua kipimo chake hukopa mita mia chache za mwisho, pale ambapo anayedai hana tena muda wa kudai. Aliyekopa mapema hudaiwa akiwa bado njiani. Shangwe za nyumbani ndizo hatari zaidi, kwani humfanya mtu asisikie onyo la mwili wake mwenyewe.

Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika. Lakini walinena pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya miezi minne tu, tarehe 4 Agosti 2017, Cheptegei alisimama katika mstari wa kuanzia wa mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia mjini London, mbele ya watazamaji waliokuja kumshangilia Mwingereza Mo Farah, ambaye hakuwa ameshindwa mbio hizo katika mashindano makubwa kwa miaka kadhaa. Safari hii Cheptegei alisaidia kuuweka mwendo kuwa mkali bila ya kuutupa uhai wake wote mapema. Farah alishinda kwa dakika 26 na sekunde 49.51. Cheptegei alikuwa wa pili kwa dakika 26 na sekunde 49.94. Baada ya kukimbia kilomita 10, tofauti kati ya watu hao wawili haikufika nusu sekunde. Aliyeanguka Kololo alikuwa amekwisha kusimama.

Mwaka 2018 alishinda mita 5,000 na mita 10,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Australia. Tarehe 30 Machi 2019 alirudi kwenye mbio za nyika za dunia, safari hii mjini Aarhus, Denmark. Njia ya mbio ilikuwa na kilima kikali kilichopita juu ya paa la majani la jumba la makumbusho, na mbele yake alikuwapo Kamworor yule yule. Cheptegei alingoja, akapima, kisha akaondoka wakati unaofaa. Alishinda, Kiplimo akawa wa pili, Kamworor wa tatu, na timu ya Uganda ikachukua dhahabu. Oktoba mwaka huo huo, mjini Doha, akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000.

Mwaka 2020 dunia ilifungwa na ugonjwa wa korona. Michezo ya Olimpiki iliahirishwa na viwanja vya ndege vikafungwa. Cheptegei alibaki Kapchorwa akifanya mazoezi. Wakati wengi walipoona kwamba mwaka umepotea, yeye aliutumia kutafuta rekodi mbili zilizowekwa na Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Tarehe 14 Agosti mjini Monaco alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, akaivunja rekodi iliyodumu tangu mwaka 2004. Tarehe 7 Oktoba huko Valencia, Hispania, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, akaivunja rekodi ya mwaka 2005 kwa zaidi ya sekunde sita.

Ili tuelewe maana ya mwendo huo, na tuchukue mfano wa karibu. Daraja jipya la Mto Nile pale Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525. Kwa kasi ya Valencia, Cheptegei angelivuka daraja hilo kwa muda usiofika sekunde 83. Tena angelazimika kulivuka mara 19 mfululizo, kwa kasi ile ile, bila kupumzika. Katika uwanja wa mbio, hesabu hiyo ni mizunguko 25, kila mmoja kwa wastani wa sekunde 63 kasoro kidogo. Taa maalumu ziliwekwa pembezoni mwa njia kuonyesha mwendo unaotakiwa, na wakimbiaji wengine walimwongoza mwanzoni. Lakini mwisho alikuwa peke yake na taa zake. Kijana aliyezidiwa na shangwe za Kololo alikuwa sasa anaweza kushika mwendo mmoja bila umati mkubwa wa kumsukuma.

Pamoja na hayo, rekodi na ubingwa ni mambo mawili. Katika mashindano makubwa hakuna taa wala waongozaji wa kukodiwa; kuna adui mwenye hila. Tarehe 30 Julai 2021, katika fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki ya Tokyo, Mganda mwenzake Stephen Kissa alijitolea kwenda mbele ili kuufanya mwendo kuwa mkali. Wengine hawakumfuata, Cheptegei mwenyewe akabaki katika kundi, na Kissa akatoka mbioni. Mwisho ukawa wa kasi ya ghafla, na Selemon Barega wa Ethiopia akashinda kwa tofauti ya sekunde 0.41. Cheptegei akapata fedha na Kiplimo shaba. Baada ya juma moja, tarehe 6 Agosti, Cheptegei alirudi kwenye fainali ya mita 5,000, akashika mwendo wake mwenyewe katika sehemu ya mwisho, akapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Alitwaa tena ubingwa wa dunia wa mita 10,000 huko Eugene mwaka 2022 na Budapest mwaka 2023. Kisha ikaja Paris, tarehe 2 Agosti 2024. Waethiopia watatu, yaani Barega, Berihu Aregawi na Yomif Kejelcha, walipokezana mbele kwa mwendo mkali wa kumchosha. Wakati mwingi wa mbio hizo Cheptegei hakuonekana mbele. Asiyemjua angedhani amekwisha. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipokaribia ndipo alipojitokeza, akaongoza, na hakupitwa tena. Alimaliza kwa dakika 26 na sekunde 43.14, rekodi mpya ya Olimpiki. Aregawi alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.30.

Ndugu wasikilizaji, ziangalieni tofauti hizo tatu. London mwaka 2017 alikosa dhahabu kwa sekunde 0.43. Tokyo aliikosa kwa sekunde 0.41. Paris aliipata kwa sekunde 0.30. Katika mbio za mizunguko 25, akiba ya pumzi chache tu ndiyo inayotenganisha mshindi na mshindwa. Na akiba hiyo huwekwa na yule aliyekubali kubaki nyuma wakati umati unamtaka awe mbele.

Wala mafunzo hayana mwisho. Desemba 2023 alijaribu marathoni kwa mara ya kwanza, huko Valencia ile ile alikoweka rekodi, akamaliza kwa saa 2 na dakika 8 na sekunde 59, mbali na washindi. Bingwa wa kilomita 10 aligundua kwamba kilomita 42 zina kipimo chake zenyewe, naye hana budi kuanza tena kama mwanafunzi.

Askari anayelinda daraja usiku kucha, na polisi anayekabili umati wenye hasira katika mji wa Mbale, hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Anayetumia nguvu zake zote katika saa ya kwanza, kwa kuwa wenzake wanamtazama, hatakuwa na kitu katika saa ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo saa ya hatari. Na aliyeteleza siku moja mbele ya kikosi chake asidhani kwamba jina lake limefutwa. Yeye pamoja na wakubwa wake wakumbuke kwamba mtu wa 30 wa Kololo ndiye mtu wa kwanza wa Paris. Kati ya siku hizo mbili ilikuwapo miaka saba ya kazi.