Kutoka Migato hadi Lamadi kwa baiskeli: kijana anapoomba ruhusa ya safari yake ndefu ya kwanza

Mwezi Mei mwaka 2023, kijana wa Kiislamu wa nchi ya Guinea, Mamadou Safayou Barry, mwenye umri wa miaka 25, mke na mtoto mmoja, alipanda baiskeli akakusudia kwenda Misri. Shauku yake ilikuwa kusoma katika Chuo Kikuu cha Al-Azhar. Nauli ya ndege hakuwa nayo, na ada hakuwa nayo. Alipita Mali, Burkina Faso, Togo, Benin na Niger hadi Chad. Mara tatu aliwekwa kizuizini katika nchi za Burkina Faso na Togo, kwani huko watu walikuwa katika hofu, na mgeni mwenye mzigo hutazamwa kwa shaka. Alipofika Chad habari zake zikaenea, watu wa kheri wakamkatia tiketi ya ndege, akanusurika kupita Sudan iliyokuwa vitani. Septemba alikuwa Cairo, na Al-Azhar ikampa ufadhili kamili wa masomo.

Wengi walioisimulia habari hii walistaajabia kilomita zake, takriban 4,000. Sisi tumevutiwa zaidi na hesabu nyingine. Alitumia muda wa miezi minne hivi. Gawanya, utapata wastani wa kilomita 33 kwa siku, ukizihesabu pamoja siku za kizuizini na za mapumziko. Mkulima wa Usukuma anayepeleka pamba kuuza akiwa na gunia nyuma ya keria hatakiona kiwango hicho kuwa muujiza.

Ndiyo maana tunaizungumza habari hii na familia za Migato, wilayani Itilima, na jirani zao wa Bariadi. Huko maboma mengi yana baiskeli, na kijana aliyezoea kuendea maji, mashine ya kusaga na shule hufika siku akawaambia wazazi wake kwamba anataka kwenda mbali: Lamadi, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Mama huogopa magari. Baba huuliza faida yake nini. Maswali yote mawili ni ya haki, na kijana asiyaone kuwa ni kukatazwa.

Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami ya kilomita 72 hivi. Anayetoka Migato ataongeza mwendo wa kufika Bariadi kwanza, na ni busara alale Bariadi kwa jamaa, aanze lami baada ya swala ya Alfajiri kukiwa kumepambazuka. Katika masika udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye magurudumu hadi yakagoma kuzunguka. Basi safari hii ni ya kiangazi.

Kosa kubwa la mgeni wa safari ndefu ni kuanza kwa kasi. Saa ya kwanza miguu ina nguvu na kila mtu anamwona, hivyo hukanyaga kana kwamba yuko mashindanoni. Ifikapo saa nne jua linampiga na magoti yanauma. Mwendo ufaao ni ule unaomruhusu kuzungumza bila kuhema. Kiti nacho kipandishwe: kanyagio likiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka karibu wote. Wengi wetu hukalia viti vya chini mno, kisha tukalaumu baiskeli. Na wiki tatu au nne kabla, azoeze mwili kwa mwendo wa kilomita 20, kisha 30, kisha 50.

Achukue pampu, kiraka na gundi yake, spana, na maji ya kutosha. Chakula si lazima kinunuliwe dukani. Michembe na matobolwa ni akiba ya safari iliyowatosha babu zetu, na chumvi kidogo humfaa anayetoka jasho jingi. Anywe kabla ya kiu.

Vijana hutuuliza kuhusu swala. Ruhusa ya msafiri kupunguza rakaa asili yake ni Suratun-Nisaa, aya ya 101, na kwa wafuasi wa Imamu Shafi umbali unaotajwa sana ni wa kilomita 80 na kidogo, kwa mwendo wa kwenda tu. Kwa hiyo mwenye kuanzia safari Bariadi mjini, kwa hesabu hiyo, hajaufikia umbali huo. Ataswali Adhuhuri yake rakaa nne. Mwenye kuanzia Migato huenda akaufikia, kwani safari huhesabiwa kutoka alipouacha mji wake, hata kama alilala njiani. Amuulize imamu wake kabla ya kuondoka.

Wazazi nao wana kazi yao. Simu ipigwe kwenye vituo vilivyokubaliwa, si kila dakika. Tena wasimwache aingie Lamadi magharibi: mji huo uko jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na wanyama hawasomi mipaka. Kurudi kwake si lazima kuwe kwa kukanyaga. Baiskeli hupakiwa juu ya basi, naye akakaa dirishani akizitazama zile kilomita alizozipanda jana, moja baada ya nyingine.