Maji Katika Buti: Tuutafute Ufa Kabla ya Kuuziba

Wahenga walipotuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walichukulia kuwa ufa wenyewe umeshaonekana. Ukutani, naam, ufa huonekana hata na mtoto mdogo. Lakini zipo nyufa zisizojitokeza mbele ya macho, na anayekimbilia kuziba kabla ya kutafuta huishia kuziba mahali pazima na kuliacha tundu lenyewe wazi. Mojawapo ya nyufa hizo ni ule unaopitisha maji ya mvua hadi ndani ya buti ya gari.

Huenda msomaji akajiuliza buti ya gari ina uhusiano gani na walimu na wanafunzi. Uhusiano upo, tena wa karibu. Tumfikirie mwalimu anayeishi Kitengela na kufundisha mjini Kajiado. Kila asubuhi huifuata barabara ya Namanga, akapita Isinya na kukamilisha safari ya takriban kilomita 50. Nyuma ya gari amepakia madaftari ya darasa zima aliyoyasahihisha usiku kucha. Mvua za masika za Machi hadi Mei, au zile za vuli za Oktoba hadi Desemba, zikimkuta njiani, hufungua buti na kukuta zulia limelowa, wino umesambaa na insha za wanafunzi zimegandamana. Ni kinaya kikubwa kwamba katika kaunti kame kama Kajiado, ambako wafugaji huswaga mifugo mwendo mrefu kutafuta maji, mtu anaweza kuwa na dimbwi asilolitaka chini ya gurudumu la akiba.

Madaftari ni hasara ya kwanza tu. Maji yanayotuama mahali hapo hula bati kimyakimya. Jeki na spana hushika kutu, na siku gurudumu litakapopasuka vifaa hivyo havitafaa kitu. Nyaya za taa za nyuma hupita papo hapo, na viungio vyake vikioza taa za breki huweza kuzimika bila dereva kujua. Katika baadhi ya magari, kwa mfano Toyota Prius za miaka iliyopita, betri ndogo huwekwa nyuma, na maji yakiifikia huleta matatizo mengine.

Lipo jambo zito zaidi. Gari linapokwenda, shinikizo la hewa nyuma yake hupungua na moshi wa ekzosi huvutwa kuelekea hapo. Mwanya unaopitisha maji unaweza kupitisha moshi pia. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Kwa hiyo, ekzosi ikiwa imetoboka na buti nayo ina mwanya, abiria wa kiti cha nyuma wamo hatarini. Asiyejali zulia lililolowa hana budi kuzijali roho za watu.

Je, sisi hufanya nini tunapoyakuta maji hayo? Aghalabu hufanya mojawapo ya mambo matatu. Wapo wanaotandika tambara na kulikamua kila jioni. Wapo wanaong'oa kizibo kilicho chini ya gurudumu la akiba, au hata kutoboa bati, ili maji yapate pa kutokea. Hao hawajaondoa tatizo. Wameongeza mlango wa vumbi, matope na moshi. Kundi la tatu humwendea fundi, na mazungumzo huwa mafupi:

"Fundi, buti yangu inaingiza maji."

"Hiyo ni raba, mwalimu. Leta pesa tununue nyingine."

Raba mpya hununuliwa na kufungwa. Mvua hunyesha tena na maji huingia kama kawaida. Hapo silikoni hupakwa kila pembe hadi gari likafanana na ukuta uliopigwa lipu na mwanafunzi wa siku ya kwanza. Raba huenda ilikuwa na hatia, huenda haikuwa nayo. Kosa la fundi huyo ni kutoa hukumu bila ya kusikiliza mashahidi.

Kanuni ya kwanza anayopaswa kuijua kila mwenye gari ni hii: maji hayadondoki pale yalipoingilia. Maji hushikamana na bati, yakateleza chini ya karatasi ya chuma au kuufuata waya, kisha yakadondoka mbali kabisa na tundu. Katika mianya myembamba huweza hata kupanda juu kwa nguvu ile ile inayofanya utambi wa taa unyonye mafuta. Mwanafunzi wa fizikia amefundishwa hayo. Kwa sababu hiyo, tundu lililo kwenye paa huweza kuleta dimbwi kwenye gurudumu la akiba, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa chini zaidi. Dimbwi hutuambia tu kwamba maji yameingia. Halituambii yameingilia wapi.

Washukiwa ni wengi. Kwanza ni raba ya ukingo wa buti, ambayo hukauka kwa jua, ikapasuka au kulala. Pili ni gasketi za taa za nyuma, hasa taa zilizofunguliwa ili kubadilisha balbu zikarudishwa bila uangalifu. Tatu ni kioo cha nyuma na gundi inayokishikilia. Nne ni maungio ya bati kwenye paa, ambako gundi ya kiwandani hupasuka kadiri gari linavyozeeka. Tano ni matundu ya bolti za bawa la nyuma, antena na taa ya tatu ya breki. Sita ni vipitishio vya hewa vilivyofichwa nyuma ya bampa, ambavyo madereva wengi hawajui hata kuwa vipo. Katika magari yenye wipa ya nyuma, ongeza mrija unaopeleka maji ya kuoshea kioo. Ukichomoka, buti hulowa hata wakati wa kiangazi.

Miongoni mwa washukiwa hao tutamtambuaje mkosaji? Hapa wakazi wa Kajiado wamejaliwa shahidi ambaye wakazi wa miji yenye lami tupu hawana. Shahidi huyo ni vumbi. Njia nyingi za mitaa ya Kitengela ni za udongo, na udongo wenyewe ni ule mweusi unaokuwa matope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Gari likipita humo huvuta vumbi kwa nyuma, na palipo na mwanya vumbi hupenya na kuacha mchirizi. Basi kabla ya kuosha gari, fungua buti uichunguze raba na kingo zake. Raba inayobana sawasawa huacha mstari safi mahali inapogusa bati. Mstari huo ukikatika na vumbi likavuka kwenda ndani, hapo pana neno. Vumbi la Agosti linaweza kutueleza habari za mvua ya Novemba, iwapo tutalisoma kabla ya kulifuta.

Shahidi wa pili yumo mfukoni mwa kila mwalimu, nayo ni chaki. Paka chaki kwenye ukingo wa bati unaokutana na raba, funga buti kwa utaratibu, kisha ufungue. Raba itakuwa imechukua alama ya chaki kila ilipogusa, na pasipo na alama hapakugusana. Unaweza pia kufungia ukanda wa karatasi katikati na kuuvuta. Ukitoka kwa shida, raba inabana. Ukitoka kama unaovutwa kutoka kitabuni, raba haifanyi kazi mahali hapo. Rudia kila baada ya shibiri moja.

Shahidi wa tatu ni maji yenyewe. Toa zulia, gurudumu na vifaa vyote, ukaushe kila kitu, kisha unyunyize unga wa chaki kwenye bati la ndani. Hakuna haja ya mashine ya kuoshea magari, kwani nguvu zake husukuma maji mahali ambapo mvua haifiki na kukupa jibu la uongo. Mtungi wa lita 20 na kopo vyatosha, jambo jema katika mji ambao wengi hununua maji. Ikiwa maji ya kisima chako yana chumvi, suuza gari kwa maji baridi ukimaliza, kwa kuwa chumvi huharakisha kutu.

Anza chini, upande juu. Mwagia eneo la bampa kwanza, usubiri dakika tano au zaidi, utazame ndani. Kisha taa ya kushoto peke yake, halafu ya kulia. Baadaye raba, kioo na mwisho paa. Ukianzia juu, maji yatateremka na kupita kwa washukiwa wote kwa pamoja, nawe hutajua nani alifungua mlango. Mchirizi utakaojichora kwenye unga wa chaki ufuate kwenda juu mpaka mwanzo wake. Ukihitaji mtu wa kutazama kutoka ndani kwa tochi, awe mtu mzima, na kiti cha nyuma kilazwe ili awe na njia ya kutokea. Mtoto asifungiwe ndani ya buti hata kwa dakika moja.

Tundu likishapatikana, dawa yake huwa nyepesi, na mara nyingi rahisi kuliko raba mpya. Gasketi ya taa hubadilishwa na nati zikazwe kwa usawa bila kupasua plastiki. Kifuniko cha buti kisichobana hurekebishwa kwa kusogeza ndoana ya kitasa, na huenda raba ya zamani ikafaa tena. Maungio yaliyopasuka hukwanguliwa gundi kuukuu, yakasafishwa na kukaushwa kabla ya kupakwa gundi maalumu ya bodi za magari. Tuihadhari silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni ya asidi inayotoka inapokauka, nayo huchochea kutu kwenye bati lisilo na rangi. Kutu iliyokwisha kuota isuguliwe kwa msasa, bati lipakwe rangi ya kuzuia kutu, na zulia lianikwe mpaka likauke kabisa. Mwisho, rudia jaribio la maji. Kazi isiyopimwa haijakwisha.

Maarifa haya yanamfaa pia anayekwenda kununua gari. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, nalo hukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Hata hivyo, umri hausemi gari limepigwa wapi baada ya kufika, wala limepitia mikono mingapi. Gari lililogongwa kwa nyuma na kunyooshwa kwa haraka huficha siri yake chini ya gurudumu la akiba. Kabla ya kutoa pesa, inua zulia utazame kutu, rangi isiyolingana, na gundi iliyopakwa kwa kidole.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Kwa nini fundi hukimbilia kusema "ni raba"? Si kwa sababu mafundi wa jua kali ni wajinga. Wengi wao wana maarifa yanayoshinda ya sisi tulio na vyeti. Hukimbilia hivyo kwa sababu sisi wateja tunamlipa kwa kipuri alichofunga, wala hatumlipi kwa saa mbili alizotumia kutafuta. Fundi akisema, "Niachie gari hadi jioni nilitafute tundu," tunamwona mvivu. Akifunga raba papo hapo, tunamwita hodari. Tumeifanya kazi ya kubahatisha kuwa na faida kuliko kazi ya kuchunguza, kisha tunalalamika maji yakirudi.

Darasani hatuko mbali na mtindo huo. Mwanafunzi anayeinua mkono upesi na kutaja jibu hupigiwa makofi, yule anayeuliza "tumejuaje?" huonekana anachelewesha somo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulikusudia kumpa mwanafunzi stadi za mikono, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umetia mkazo zaidi katika kutenda. Lakini kutenda bila mbinu ya kutafuta ni kupaka silikoni. Buti moja ya gari la mwalimu, mtungi wa maji na kipande cha chaki vinatosha kufundisha mvutano wa maji, kutu, shinikizo la hewa, na juu ya yote ile kanuni ya kujaribu jambo moja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo daftarini. Somo hilo halihitaji maabara.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba mwalimu ana kazi nyingi na kwamba kila kazi ina mwenyewe. Ni kweli, na simwambii mtu amnyang'anye fundi riziki yake. Ninachosema ni kwamba tumlipe fundi kwa kutafuta, nasi tujue maswali ya kumwuliza: maji yanaingilia wapi, umejuaje, na umelijaribu tena baada ya kuziba? Fundi hodari atafurahi kuulizwa. Mvua zijazo zitanyesha Kitengela na Kajiado kama zilivyonyesha miaka yote, na kila buti itatoa ushahidi wake bila kumwogopa mtu.