Bukavu: Simulizi ya mapenzi yasomwa saluni, akina mama wauliza aliyekimbia kipigo alilala wapi

Katika saluni moja ya nywele kule Kadutu, mjini Bukavu, saa kumi ya mchana kazi hupungua mwendo bila mtu kuamuru. Ndiyo saa ambapo sehemu mpya ya simulizi huingia katika simu ya mwenye saluni. Yeye ndiye hununua mega, basi yeye ndiye husoma kwa sauti. Wasukaji wanaendelea na vidole, wateja wanaacha kulalamika kwamba wanavutwa kichwa, na mama anayeuza sambaza mlangoni anasogeza beseni lake ndani kidogo ili neno lisimpite.

Simulizi hiyo ni ya mapenzi. Imeandikwa Tanzania na inatoka vipande vipande, kila kipande kikikatika pale moyo unapodunda. Sehemu za kwanza ni za bure, zinazofuata zinalipiwa pesa kidogo kwa simu. Biashara hii inajulikana: zamani hadithi kama hizo zilitoka katika magazeti na majarida ya Dar es Salaam, leo zinasafiri katika simu za watu. Huku kwetu zinafika kwa kupitishwa, dada kwa dada, mpaka mtu hajui tena nani alilipa mara ya kwanza.

Hadithi yenyewe si ngumu. Msichana anaolewa na mwanaume mwenye gari na maneno matamu. Kofi la kwanza linakuja baada ya arusi, na kesho yake linakuja kitenge kipya. Kofi la pili linafuatwa na simu mpya. Katika sehemu ya 18 bwana anamvunja mkono. Katika sehemu ya 19, alfajiri, anatoka na mkoba mmoja na kupanda basi. Sehemu ya 20 inapofunguka, yuko mji mwingine, nywele zimetengenezwa, na daktari mmoja kijana mwenye sura nzuri anamwambia hajawahi kuona macho kama yake.

Hapo saluni ikagawanyika. Mimi nilikuwa kwenye kiti, kichwa kimesukwa nusu, sikuwa na pa kwenda. Nikasikiliza.

Upande wa uvumilivu

Wa kwanza kusema alikuwa mama mtu mzima aliyekuwa akingoja zamu yake. Alitaka kujua bibi huyo alimfanyia nini bwana yake hata akapigwa. Alisema ndoa ni kuvumilia, na kwamba watunzi wa siku hizi wanafundisha mabinti kukimbia kabla chungu hakijachemka. Hakuna aliyemcheka. Wawili walitikisa kichwa kukubali.

Mama huyo si mtu wa ajabu. Uchunguzi mkubwa wa afya na wakaaji uliofanywa katika nchi yetu nzima mwaka 2013 na 2014 uliwauliza wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kama bwana ana haki ya kumpiga bibi yake kwa sababu fulani: ameunguza chakula, ametoka bila kuaga, hakuangalia watoto, amebishana naye, amekataa kulala naye. Wanawake wapatao 75 kwa kila 100 walikubali walau sababu moja. Na katika uchunguzi huohuo, 52 kwa kila 100 walisema wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15.

Ukiweka hesabu hizo mbili pamoja, unaelewa kwa nini saluni haikucheka. Wengi wanaotetea kipigo si kwamba hawakijui. Wanakijua, na walipewa jina la kukiita: uvumilivu.

Upande wa daktari

Wa pili walikuwa wasichana, wasukaji wawili na mwanafunzi mmoja. Hao walimpenda daktari mara moja. Walitaka amuoe yule dada haraka, na bwana wa kwanza apate ajali au afukuzwe kazi. Kwao hadithi ya mapenzi ina deni: aliyelia lazima acheke kabla ya mwisho. Sioni kosa. Mtu anayeamka saa kumi na moja kuchota maji, na kurudi jioni nyumba iko gizani kwa sababu umeme umekatika, ana haki ya kusikia kwamba mahali fulani mtu alilia kisha akafurahi.

Ni jambo la zamani tena la dunia nzima. Huko London, mwaka 1747 na 1748, Samuel Richardson alichapa kwa mafungu riwaya yake ndefu iitwayo Clarissa, juu ya msichana anayekimbia ndoa ya kulazimishwa na familia yake, kisha anaangukia mikononi mwa mwanaume mbaya zaidi. Kabla fungu la mwisho halijatoka, wasomaji walimwandikia wakimsihi asimuue binti huyo. Hakuwasikia. Karibu na wakati wetu, Colleen Hoover wa Marekani alitoa mwaka 2016 riwaya ya mapenzi juu ya mwanamke anayeachana na bwana mpigaji. Mwaka 2023 alipotangaza kitabu cha kupaka rangi kilichotokana na riwaya hiyo, wasomaji walipinga kwamba kipigo si kitu cha kuchezea rangi. Kitabu kile kilifutwa. Msomaji wa hadithi za namna hii hamwachi mtunzi alale.

Swali la mama wa sambaza

Wa tatu alikuwa mama wa sambaza, na hakuwa upande wa mtu. Aliuliza tu. Kati ya sehemu ya 19 na ya 20, yule dada alilala wapi? Nauli ya basi aliitoa wapi, wakati tangu sehemu ya 10 tuliambiwa bwana ndiye alishika pesa zote? Mkono uliovunjika uliungwa na nani, kwa bei gani? Na mtoto je? Maana mtoto wa kike alizaliwa katika sehemu ya 7, sote tulimsikia akilia, na sasa hayumo. Daktari anashika mkono wa mama, lakini hakuna anayeuliza mtoto amebaki na nani.

Mwenye saluni alirudi nyuma katika simu yake kutafuta. Kweli, mtoto alikuwa amepotea. Mtunzi alimsahau.

Kuanzia hapo hadithi ilihama Tanzania na kuja Bukavu. Mmoja alisema dada huyo angekuwa wa hapa, angepanda boti ya kwenda Goma. Mwingine akamkatalia: na nani Goma? Kuvuka Ruzizi kwenda Kamembe je? Kwa karatasi gani, ikiwa karte yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, imefungiwa kabatini na bwana? Wakahesabu vitu vya kutia katika ule mkoba mmoja: karte, karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, daftari la chanjo, franka zilizofichwa katika chupa ya unga, nambari ya simu ya mtu mmoja iliyoshikwa kwa kichwa. Walihesabu upesi mno. Nilielewa kwamba wengine walikuwa wamekwisha kuufikiria mkoba huo kabla ya simulizi kuandikwa.

Ng'ombe ambao hadithi haikuwataja

Kuna kitu kingine walichokiona na ambacho mtunzi hakukigusa: mali iliyotolewa siku ya kuoa. Katika Bushi, ng'ombe wa binti hawakai zizini kwa baba yake. Mara nyingi ndio hutoka tena kumwolea kaka yake bibi. Binti akirudi nyumbani, anarudi na deni.

Hili nalijua kwetu. Shangazi yangu alirudi mara mbili na uso umevimba, na mara mbili wajomba na baba wadogo walikaa, wakala, wakamrudisha. Hakuna aliyesema kwamba kipigo ni kizuri. Walisema tu kwamba ng'ombe wake wamekwisha kuoa, na bibi waliyemwoa ana watoto wanne. Nani angewarudisha? Mara ya tatu hakurudi kwetu. Alikwenda kwa rafiki yake wa kanisani, na sisi tulikaa karibu mwaka mzima bila kujua yuko wapi. Katika familia tuliita mwaka ule mwaka wa aibu. Yeye, nilipomuuliza akiwa mzee, aliuita mwaka aliolala usingizi.

Sheria inasema nini?

Saluni haikuwa na wakili, lakini maswali yake yana majibu, japo si yote. Katiba ya Februari 2006, katika ibara ya 14, inaitaka serikali kupiga vita kila namna ya kuwatendea wanawake jeuri, mbele ya watu na hata ndani ya nyumba. Kitabu cha makosa na adhabu hakisemi popote kwamba bwana anasamehewa. Anayempiga mtu kwa kusudi anaweza kufungwa siku 8 hadi miezi 6. Akiwa alipanga kabla, mwezi 1 hadi miaka 2. Na kipigo kikileta ugonjwa au kumfanya mtu asiweze kazi, adhabu inapanda hadi kati ya miaka 2 na 5. Kwa hiyo mkono uliovunjwa katika sehemu ya 18 si mambo ya chumbani.

Sheria ya familia nayo iligeuzwa Julai 2016. Kabla ya hapo bibi aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana ili atie sahihi yake katika mambo ya sheria. Ruhusa hiyo imeondolewa, ingawa sheria bado inamwita bwana kichwa cha nyumba. Shauri la talaka linapelekwa mahakama ya amani, na hakimu kwanza hujaribu kuwapatanisha.

Lakini kati ya karatasi na mlango wa nyumba kuna njia ndefu. Wengi huanza kwa shefu wa avenyu au kwa wazee wa kanisa, na hao hupenda kumaliza mambo kwa bia na samahani. Tena mji wenyewe uliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na tangu hapo kujua ofisi gani ya haki ya kupigia hodi ni swali juu ya swali. Kilichobaki karibu na watu ni hospitali. Ile ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana kwa kuwatunza wanawake waliotendewa jeuri kwa njia nne pamoja: dawa, msaada wa roho, msaada wa sheria, na msaada wa kuanza tena maisha. Na popote mtu atakapotibiwa, karatasi ya daktari inayoandika majeraha na tarehe ni kitu cha kutia mkobani, hata kama hajaamua kushitaki.

Ujumbe kwa mtunzi

Mwisho wa mchana mwenye saluni aliwasha simu kurekodi sauti ya kumtumia mtunzi, na kila mmoja alitia neno lake. Mama mtu mzima alimwomba aeleze pia upande wa bwana. Wasichana walimwomba asimguse daktari. Mama wa sambaza alisema hivi, kwa ufupi: daktari abaki, hana ubaya, ila asije mapema mno. Kwanza tuonyeshe usiku wa kwanza. Tuonyeshe nani alifungua mlango. Na mtoto arudishwe.

Nadhani ndiye aliyesema kweli zaidi, na watunzi wa huku na wa Tanzania wangefanya vizuri kumsikia. Simulizi inayomtoa mwanamke katika kipigo kwa mstari mmoja na kumpa mwanaume mwingine kwa kurasa kumi inaruka mahali ambapo wasikilizaji wengi wamesimama. Hao hawakosi hamu ya kuondoka, bali hawajui watafikia wapi. Hadithi ikiwaonyesha mlango mmoja unaofunguka, jirani mmoja asiyeuliza mengi, mzazi mmoja anayesema ng'ombe watatafutwa lakini mtoto wangu harudi, itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko daktari kumi.

Nilipokuwa nalipa, dada mmoja aliyesukwa kando yangu mchana wote bila kusema neno alimkaribia mwenye saluni. Alimwomba amtumie simulizi. Mwenye saluni akamuuliza aanzie wapi, amtumie zote?

Hapana, akasema. Ile ya 19 tu.