Kuuza nyumba kwa komisioneri wa bei ndogo: kazi gani inabaki mikononi mwetu?

Katika miaka hii familia nyingi za makanisa yetu zinauza nyumba. Kuna waliokimbia vita na hawatarajii kurudi upesi. Kuna wanaotafuta feza ya operesheni hospitalini. Wengine wanagawa urithi wa baba, wengine wanataka kujenga mahali pengine. Karibu wote wanapitia kwa mtu wa katikati, yule ambaye miji yetu inamwita komisioneri.

Siku hizi wako makomisioneri wanaokuja na neno tamu: “Wengine wanakuomba dola kumi juu ya kila mia. Mimi unipe tatu tu.” Waamini wanatuuliza sisi wachungaji kama ni vizuri kumkubali mtu wa namna hiyo.

Jibu letu ni hili: bei ndogo si kosa, lakini mara nyingi bei ndogo ni kazi ndogo. Kazi ambayo komisioneri haifanyi haipotei. Inabaki mikononi mwa mwenye nyumba. Akiifanya vizuri, atapata faida ya kweli. Akiiacha, anaweza kupoteza kuliko ile feza aliyookoa, na pengine kupoteza amani ya familia yake pia.

Tufanye hesabu kwanza

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Anayeuza naye aketi.

Tuseme nyumba yako inastahili dola 20.000. Komisioneri wa kwanza anaomba kumi juu ya mia, ndiyo dola 2.000, wewe unabaki na 18.000. Wa pili anaomba tatu juu ya mia, ndiyo dola 600. Unabaki na 19.400. Ikiwa wote wawili wanauza kwa bei ileile, yule wa pili amekuokolea dola 1.400. Hiyo ni feza ya masomo ya watoto.

Lakini tuseme wa pili ametuma picha tatu kwenye WhatsApp tu, akaleta mnunuzi wa kwanza aliyejibu, na kwa sababu ya haraka nyumba ikaenda kwa 17.000. Ukiondoa dola 510 zake, unabaki na 16.490. Umepata pungufu ya dola 1.510 kuliko kama ungemlipa yule wa bei kubwa aliyeuza kwa 20.000. Katika mfano huu, faida yote ya bei ndogo inakwisha mara nyumba inapouzwa chini ya dola 18.560 hivi. Kwa hiyo usiulize tu: “Ananiomba ngapi?” Uliza pia: “Nitabaki na ngapi mkononi, na nani atafanya kazi iliyobaki?”

Bei ndogo ya kweli na bei ndogo ya uongo

Kuna komisioneri anayesema: “Mimi sikuombi kitu. Niambie tu bei yako, kitakachozidi ni changu.” Watu wengi wanafurahi. Lakini angalia: wewe umesema 20.000, yeye anamwambia mnunuzi 24.000. Dola 4.000 zinaingia mfukoni mwake, na hizo ni sehemu moja ya sita ya feza yote iliyotolewa. Huyo si wa bei ndogo. Ni wa bei kubwa kupita wote, ila amejificha.

Tena kuna anayechukua kidogo kwako, kisha anachukua kwa mnunuzi pia bila ninyi wawili kujua. Kuna na yule anayeomba feza kwa kila mtu anayeletwa kuangalia nyumba. Huyo anapata chakula kwa kuzungusha watu, hata nyumba isipouzwa. Usishangae ukiona wageni ishirini wamepita sebuleni mwako na hakuna aliyetaja bei.

Mithali 20:10 inasema wazi kwamba vipimo vya namna mbili ni chukizo kwa Bwana. Mtu wa katikati anaweza kupokea kwa pande mbili, ikiwa pande zote mbili zimeambiwa na zimekubali. Ubaya uko katika kuficha.

Yeremia aliuziwa shamba wakati wa vita

Tunapenda kusoma Yeremia sura ya 32 pamoja na familia zinazouza au kununua. Yerusalemu ulikuwa umezungukwa na jeshi la Babeli, na nabii mwenyewe alikuwa amefungwa. Ndipo Hanameli, ndugu yake wa ukoo, akaja kumuuzia shamba la Anathothi. Bei ilikuwa shekeli 17 za fedha. Hata katika hatari ile hawakufanya mambo ya giza. Feza ilipimwa kwenye mizani. Hati iliandikwa na kutiwa muhuri, na mashahidi wakaweka majina yao. Kulikuwa na hati iliyofungwa na nyingine iliyo wazi, na Baruku akaagizwa kuzitunza katika chombo cha udongo zisiharibike.

Ibrahimu naye alipotafuta mahali pa kumzika Sara (Mwanzo 23), alilipa shekeli 400 mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji. Efroni alimwambia kwanza achukue bure, lakini Ibrahimu alikataa, akalipa bei kamili mbele ya wote.

Katika habari hizi mbili tunaona mambo manne: haki ya muuzaji inayojulikana, bei iliyo wazi, mashahidi, na maandiko yaliyotunzwa. Komisioneri wa bei kubwa aliye mwaminifu anakusaidia katika hayo yote. Wa bei ndogo anakuletea mnunuzi tu. Basi manne hayo yanakuwa kazi yako.

Kazi ya kwanza: karatasi

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wa inchi yetu ni mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa, kile ambacho watu wanakiita sertifika. Wengi wetu hatuna sertifika. Tuna fishi ya parsela, au mkataba wa kukodisha uliotolewa na ofisi ya ardhi, au karatasi ya mauzo iliyosainiwa na shefu wa kartie. Karatasi hizo zina maana yake, lakini si sawa na sertifika, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa ukweli kabla hajatoa feza.

Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi kuuliza kama dosiye yako iko sawa na jina ni lako. Angalia mawe ya mipaka pamoja na majirani. Kule Goma, lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika mitaa mizima pamoja na mipaka yake. Kule Bukavu, milima inakatika kwa mmomonyoko, na parsela ya juu inateremkia ya chini. Maneno ya mipaka yamalizike kabla ya kuuza, yasiachwe kwa mnunuzi kama urithi mbaya.

Jambo moja zaidi: mpe komisioneri kopi, usimpe karatasi zenyewe. Wala usimsainie prokurasio ya kuuza na kupokea feza kwa jina lako kwa sababu tu ni mtu wa kwaya au jirani mwema.

Kazi ya pili: kibali cha wenye haki

Hapa ndipo tunaona machozi mengi. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka mume na mke wakubaliane wanapotoa haki ya nyumba au udongo. Mume asiuze peke yake, na mke vilevile. Komisioneri anayesema “mama atasaini baadaye” anakutayarishia kesi.

Baba akifariki, watoto wake ndio warithi wa kwanza, nao wana robo tatu ya mali aliyoacha. Mjane naye ana haki zake, pamoja na haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba aliyoishi na mumewe. Kwa hiyo shemeji anayekuja na komisioneri na mnunuzi juma moja baada ya matanga hana nguvu ya kuuza. Na palipo na watoto wadogo, mali yao haiuzwi kwa neno la baba mdogo tu. Familia iende kuomba uongozi wa hakimu.

Tunaomba wazee wa kanisa na mashemasi wasimame karibu na wajane katika saa hiyo. Nabothi alinyang'anywa shamba la urithi kwa barua zenye muhuri na mashahidi wa uongo (1 Wafalme 21). Karatasi peke yake si haki. Lazima kuwe na watu wanaosema kweli.

Kazi ya tatu: bei na feza

Usikubali bei iliyotajwa na mtu mmoja. Uliza majirani watatu waliouza au kununua karibu: parsela ilikuwa na ukubwa gani, ilikuwa na karatasi gani, walilipana ngapi. Katika wakati wa vita bei zinashuka, na wako wanaozunguka wakitafuta mtu mwenye hofu. Ikiwezekana, usiuze katika juma la hofu.

Feza ilipwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na maandiko ya mauzo yapitie kwa notere, kwa sababu ofisi ya ardhi inataka hati hiyo ili itoe sertifika mpya kwa jina la mnunuzi. Mwaka 2025 benki za Goma na Bukavu zilifungwa kwa sababu ya vita. Mahali ambapo mnalazimika kulipana dola mkononi, hesabuni mchana, mahali salama, na watu wachache wanaoaminika. Siku na saa zisitangazwe. Kila feza iliyotolewa iwe na risiti, hata ile ya kwanza ya kushika nafasi.

Mapatano na komisioneri yaandikwe

Ukimchagua wa bei ndogo, kaa naye muandike ukurasa mmoja. Uonyeshe atapewa ngapi juu ya mia, na kwa bei ipi. Kama atapokea kitu kwa mnunuzi. Kazi gani atafanya na kazi gani hatafanya. Atalipwa siku gani, nasi tunashauri iwe baada ya muuzaji kupokea feza yote. Na mapatano yatakwisha lini. Mtie sahihi ninyi wawili pamoja na shahidi mmoja.

Kisha, ndugu zetu, mlipeni. Wako waamini wanaongoja komisioneri alete mnunuzi, halafu wanampigia mnunuzi simu usiku ili wamalizane bila yeye. Hata zile tatu juu ya mia wanaziona nyingi! Bwana alisema mfanyakazi anastahili malipo yake (Luka 10:7). Vijana wengi wanaofanya kazi hii walisoma, wakakosa ajira, na wanalisha familia kwa miguu yao. Tusimwite kila mmoja mwizi, kisha sisi wenyewe tukamwibia.

Muuzaji naye aseme ukweli wa nyumba yake: maji yanayoingia wakati wa mvua, kesi iliyo mahakamani, deni lililo juu ya parsela. Asimwachie komisioneri dhambi ya kusema uongo kwa niaba yake.

Na kwetu sisi wachungaji, mimbari isiwe mahali pa kutafutia komisio. Tukitangaza nyumba ya mwamini, watu wataamini kwamba tumeichunguza. Tukiwa hatujaona karatasi, tusitangaze. Tukiahidiwa kitu, watu wajue.

Basi, komisioneri wa bei ndogo anafaa kwa familia yenye karatasi safi, kibali cha wote, bei inayojulikana, na mtu mwenye nafasi ya kufuatilia mambo ofisini. Lakini mjane aliye peke yake, au familia iliyo mbali ukimbizini, inaweza kuhitaji mtu atakayefanya kazi yote, hata kama anaomba zaidi. Kanisa pia linaweza kuwasaidia hao bure: mzee mmoja wa kwenda nao kwenye ofisi ya ardhi, mwanasheria mmoja wa kusoma hati, mashemasi wawili wa kuwa mashahidi. Tukifanya hivyo, hakuna dada yetu atakayelala nje kwa sababu alitaka kuokoa dola chache.

Bwana azilinde nyumba zenu, na midomo yenu siku mtakapoziuza.