Neno Lililotangulia Maji

Wanafunzi wetu wa shule za upili huikariri methali isemayo "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" na kujipatia alama mtihanini. Lakini waulize tezi ni wapi na omo ni wapi, nao wengi watainamisha vichwa. Mimi nami nimeifunza methali hiyo kwa miaka mingi ubaoni, bila chombo wala maji. Mto Tana ndio ulionionyesha hatari ya ufunzaji wa namna hiyo.

Si kitambo sana nilipoandamana na wanafunzi wanne wa chuo kikuu hadi Kipini, ambako mto huo humalizia safari yake ya takriban kilomita 1,000 kutoka nyanda za Mlima Kenya na Aberdare. Azma yetu ilikuwa kupiga kambi ukingoni mwa mto, mahali pasipofikiwa na gari. Atakaye kufika huko sharti apige kafi.

Mzee aliyetuchukua katika mtumbwi wake hakuondoka tulipotaka sisi. Alisubiri maji yaanze kujaa, kwa maana huku chini mto hufuata mwenendo wa bahari: yakijaa husukuma chombo kuelekea bara, yakipwa hukirudisha. Yeye akakaa tezi, nyuma, na kijana mmoja akamweka omo, mbele. Akatufunza kwamba kafi hushikwa mkononi bila kuegemezwa popote, ilhali kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo na kuvutwa. Palipokuwa na maji machache aliweka kafi, akashika pondo na kusukuma.

Tulifika alasiri. Mzee akatuchagulia kiinuko chenye miti, mbali na njia ya viboko wanaotoka majini usiku kwenda malishoni. Jioni maji yalipopwa, mchanga laini ulijitokeza chini yetu. Wanafunzi wakavutiwa nao, wakahamishia mahema yao huko. Mzee akawaambia kwa upole, "Wanangu, rudini juu. Leo bamvua." Wakaitikia, "Haya, babu," wakalala palepale.

Saa tisa usiku niliamshwa na mayowe. Maji yalikuwa yameingia mahemani. Viatu vilichukuliwa, unga ukalowa, na daftari za utafiti zikaharibika. Twashukuru kwamba hakuna aliyedhurika, kwani mto huo una mamba. Nilipouliza kwa nini walipuuza onyo, mmoja alijibu kwa haya, "Mwalimu, tulidhani bamvua ni jina la siku."

Bamvua ni maji makuu, yajaayo na kupwa kupita kiasi cha kawaida mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa wakati huo jua na mwezi huivuta bahari katika mstari mmoja. Katika pwani yetu kimo chake huweza kupita mita tatu. Kinyume chake ni maji mafu. Neno hilo moja limebeba elimu ya falaki, ya bahari na ya usalama. Onyo lilitolewa kwa Kiswahili fasaha, tena mapema, nao wasomi wa Kiswahili hawakulielewa. Lawama ni yangu: nililisikia, lakini sikujishughulisha kuuliza kama limeeleweka.

Yamkini msomaji atasema kwamba huo ni msamiati wa kale, na lugha haina budi kusonga mbele. Nakubali kwamba lugha hubadilika. Hata hivyo, maneno haya hayafi kwa uzee, bali kwa sababu kazi iliyoyalea inadhoofika. Mabwawa ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988) yamebadilisha mtiririko wa Tana. Huko Ozi, wakulima wamelalamika kwamba maji ya chumvi hupanda mtoni na kuharibu mpunga. Mpunga ukikosekana, vijana huhama. Vijana wakihama, kafi hukosa mshikaji na neno hukosa msemaji. Delta ya Tana iliorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu. Ni jambo jema, ila anayeijua delta hiyo kwa majina yake yote ni mpiga kafi, naye pia anastahili kuhifadhiwa.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Mwalimu anayefunza methali za vyombo na awapeleke wanafunzi penye maji, au amwalike mvuvi darasani. Na anayekwenda kupiga kambi mtoni amlipe mwenye mtumbwi ujira wa mwalimu, si wa mchukuzi.

Asubuhi ile tulirudi Kipini na maji yaliyokuwa yakipwa. Wanafunzi wangu, miguu mitupu, walimsikiliza mzee kwa makini, na kila alipotamka neno wasilolijua, waliuliza.