Kelele na Mwingiliano Si Kitu Kimoja

Washa redio ya AM usiku, uiweke katikati ya stesheni mbili. Utasikia mvumo kama wa mvua kwenye bati. Sasa chomeka chaja ya simu ya bei rahisi karibu nayo. Mara nyingi utaingia mlio mwingine, mkali, kama wa nzi aliyefungiwa chupani. Wengi huita vyote viwili kelele. Sisi tunaochambua masafa hatuna budi kuvitenganisha, kwa kuwa kila kimoja kina asili yake na dawa yake.

Kelele tunayopambana nayo katika kila kifaa inatokana na joto. Elektroni ndani ya waya hazitulii, na msukosuko wao huzaa volti ndogo zisizo na mpangilio. John B. Johnson aliipima katika maabara za Bell, Marekani, naye mwenzake Harry Nyquist akaieleza kwa hesabu; kazi zao zilichapishwa 1928. Nguvu yake imetapakaa karibu sawasawa katika masafa yote ya redio, hivyo kwenye kioo cha kichambuzi cha masafa huonekana kama nyasi fupi zinazotikisika.

Mwingiliano ni ishara ya mtambo mwingine iliyopenya pasipotakiwa, na mara nyingi husimama kama mnazi juu ya zile nyasi. Umeme wa majumbani Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Fundi akiona mistari kwenye 50, 100 na 150, anajua umeme wa ukutani umeingia kwenye kipimo chake.

Ukiwa na shaka, punguza upana wa kichujio mara kumi. Kelele itashuka desibeli 10, kwa sababu sasa unaikinga sehemu yake ya kumi tu. Mstari mwembamba wa mwingiliano utabaki na urefu uleule. Wanafunzi wengi hukimbilia kuchukua wastani wa vipimo 100 vya nguvu wakidhani kelele itazama. Haizami. Mtikisiko wake ndio unaopungua, mara kumi, na usawa wake unabaki palepale.

Kuna mwingiliano unaovaa sura ya kitu kingine kabisa, na huo ndio unaonitia hofu. Darubini ya redio ya Parkes, Australia, yenye sahani ya mita 64, husaka miali mifupi ya redio kutoka mbali sana angani. Mwali wa kwanza wa aina hiyo ulitangazwa 2007. Alama yake ni kwamba masafa ya juu hufika kwanza na ya chini huchelewa, kwa sababu ya elektroni zilizotapakaa njiani. Darubini hiyohiyo ilikuwa ikinasa pia ishara zenye mteremko unaofanana na huo, lakini zikiingia katika pembe zote 13 za kipokezi kwa pamoja, jambo linaloashiria chanzo cha karibu. Tena zilikuja saa za kazi.

Mwaka 2015 Emily Petroff na wenzake walipata jibu. Kipimo cha kufuatilia mwingiliano kilionyesha kwamba ishara hizo zilipotokea, palikuwa na nyingine kwenye gigahezi 2.4, masafa ya maikrowevu ya jikoni. Wakafanya majaribio: mtu akifungua mlango wa maikrowevu kabla haijamaliza kupasha, katika kuzimika kwake hutoa mlipuko mfupi karibu na gigahezi 1.4, hasa pale darubini inaposikiliza.

Kama wangeziondoa tu kwa programu, shaka ingebaki hata juu ya ule mwali wa 2007. Waliweza kuzitofautisha ishara za maikrowevu na mwali huo kwa kuwa rekodi zilitunzwa, pamoja na saa ya kila tukio. Ndiyo maana nawasihi mafundi na wanafunzi: kabla ya kuchuja chochote, hifadhini data ghafi, andikeni saa, kisha mzime vifaa vilivyo karibu kimoja kimoja huku mkitazama kioo.